Wajuaji wa Karata wa Banda la Mikinduri

Nimeacha kazi ya kufunga miraa. Sikufukuzwa, na wale wanasema nilifukuzwa ni wale nilikuwa nawashinda karata. Macho ndiyo ilinifukuza. Mfungaji akishindwa kujua nyekundu na kijani, afadhali akae nyumbani afungie mbuzi wake majani, mbuzi haulizi rangi. Sasa kabla nisahau, nawaachia nyinyi vijana wa banda haya maneno. Mwenye anaandika ni Kendi, binti yangu mwalimu wa huko Kaaga, na nimemkataza kunirekebisha. Ameshajaribu. Nimemwambia hii si mtihani.

Mambo ya mshahara siandiki, mtalia. Mambo ya vyeo pia siandiki, juu kwa banda letu cheo kilikuwa kimoja tu, na mwenye nacho alikuwa Chairman, na alikishika vile mtu anashika jogoo ya kuuza, kwa miguu na kwa shingo.

Nilitoka Kianjai nikiwa kijana mdogo, shule na mimi tukiwa tumeachana bila ugomvi. Nilifika hapo Mikinduri asubuhi, nikapata mlangoni mzee ameketi kwa benchi ya mbao, miraa imelala kwa mapaja yake kama mtoto amelala. Huyo ndiye Mzee Kaberia. Nyinyi wengi hamkumpata. Vidole zake zilikuwa zinaenda haraka mpaka nzi ikitaka kutua kwa mkono inazunguka kwanza itafute nafasi. Nilimsalimia, nikamwambia natafuta kazi. Hakuniangalia. Alinisukumia rundo la miraa na kamba ya mgomba. Mimi nikaona hapa ndio pa kuonyesha bidii, nikaanza kufunga mbio mbio. Akanichapa vidole na kijiti, si kwa nguvu, vile unafukuza kuku.

"Kijana," akasema, "kabla uhesabu zenye umefunga, hesabu zenye uko nazo. Ndio ujue kama kuna mtu amekuibia, na kama huyo mtu ni wewe."

Hayo maneno niliyasikia kwa hii sikio ya kulia. Ya kushoto ilikuwa wazi, yakatoka. Mtaona vile ilinigharimu.

Kazi yenyewe mnaijua lakini hamuijui vizuri. Wachumaji wanaleta, sisi tunatenganisha: ndefu na ndefu, fupi na fupi, nyekundu peke yake. Ukishapata mkono mzima, unagonga matako ya vijiti kwa benchi, tak tak tak, mpaka zilingane kama watoto wa shule kwa mstari. Kama hazijalingana, mnunuzi anasema umefunga fagio. Halafu unafunga kwa kamba, unavalisha jani la mgomba mbichi, unaweka kwa gunia. Dereva wa pikapu anakuja anapiga honi kama mtu anafukuzwa na nyuki. Dereva wetu wa siku hizo alikuwa anaendesha mbio mpaka kivuli ya gari ilikuwa inabaki Meru mjini inapumzika, inamfuata kesho yake.

Na ile benchi ya mlangoni haikuwa benchi tu. Ndani ya banda kulikuwa na giza, unaweza funga bunda zima na kidole yako ndani. Mlangoni ndio kulikuwa na mwanga wa kuona rangi. Tena mwenye ameketi mlangoni, kila mtu anapita anamsalimia. Mzee Kaberia mke wake alikuwa amelala mchangani kitambo, watoto walienda Embu na Nairobi, wakawa watu wa kupiga simu Krismasi. Nyumbani kwake alikuwa anasalimiwa na kuku. Kwa hiyo benchi alikuwa anasalimiwa na soko mzima. Kumbukeni hiyo, juu ndiyo hadithi yenyewe.

Sasa, kati ya miraa kufungwa na pikapu kufika kulikuwa na saa ya kukaa bure, na mtu wetu wa huku Tigania hawezi kaa bure na mikono yake iko hapo. Tulicheza karata. Ule mchezo wetu mnaujua hata kama siku hizi mnacheza na simu: unaweka karata yenye inafanana na ile iko chini, kama ni rangi ama namba. Huna, unaokota kwa rundo. Mbili na tatu ni za kutesa mwenzako, aokote mpaka ajute kuzaliwa. Esi ndio chifu, ukiiweka unaagiza rangi yenye unataka, maua, moyo, jembe ama daimondi. Ukibaki na moja unasema "niko kadi", watu wote washtuke. Na kumaliza lazima umalize na karata mnyonge, nne, tano, sita, saba, tisa, kumi. Hizo kubwa, hata nane iko kwa hiyo kundi, hazikubaliwi kumaliza. Mchezo wa haki kuliko serikali: mkubwa anapiga kelele katikati lakini mlango unafungwa na mnyonge.

Mzee Kaberia ndiye alinifundisha kuhesabu. Watu wanafikiri kuhesabu karata ni kukumbuka zote hamsini na mbili. Ukijaribu hivyo utasahau mpaka jina la mama yako. Yeye alisema shika kidogo tu. Kwanza, esi: ngapi zimepita, ngapi ziko mkononi mwako, zenye zimebaki ziko kwa adui ama kwa rundo. Pili, macho kwa mtu na si kwa karata. Ukiagiza moyo na jirani aokote, huyo hana moyo, muandikie hapo kwa paji la uso, halafu umrudishie moyo mpaka aombe maji. Tatu, zile nyonge. Mtu akishikilia karata moja pembeni mwa mkono na haichezi, hiyo ndio ya kumaliza, na wewe kazi yako ni kujua ni gani kwa kuondoa zile umeona zikipita. Kama kutafuta mbuzi amepotea: hujui iko kwa shamba gani, lakini unajua mashamba yote haiko.

Hiyo ni elimu safi. Lakini sisi tulikuwa na njia ya mkato, na nitawaambia juu hakuna banda ingine duniani ingepata hiyo ugonjwa. Mkono wetu ulikuwa umezoea kulinganisha. Mchezo ukiisha, mtu anachukua karata achanganye, na badala ya kuchanganya, anagonga pembe kwa benchi, tak tak tak, zikae sawa, anakata mara moja kwa heshima, anagawa. Hatukuweza kuvuruga kitu! Mkono unakataa. Ukimwambia mfungaji avuruge karata ni kama umemwambia avue nguo sokoni. Kwa hivyo karata zilikuwa zinarudi vile zilitoka, malkia wa maua anafuatwa na tano ya moyo leo, kesho na siku ya kiama. Ukikumbuka mchezo wa jana umeshajua wa leo. Tukawa wajuaji. Banda mzima tunahesabu. Wageni wakija tunawanyoa, wanaenda wakisema watu wa Mikinduri wana dawa ya mti. Mimi nilikuwa naambia watu nimewahi taja karata zote za mtu kupitia ukuta, na yeye yuko ng'ambo ya barabara. Ukuta nimeongeza. Barabara pia.

Kulikuwa na sheria moja, na mwenye aliitunga ni Chairman mwenyewe. Siku moja alikuwa anachapwa vibaya, amekunja karata nyingi mkononi kama bibi amebeba kuni, na mbuzi ya mama wa chai ikaingia ikakula malkia wa moyo. Akasimama saa hiyo hiyo. Akatangaza kwamba karata ikipungua, mchezo umekufa, na mchezo umekufa haufufuliwi. Tukasema sawa. Mbuzi ilikuwa inatafuna bado. Akanunua karata mpya kwa mfuko wake, na hiyo habari ya mfuko wake tuliisikia mpaka mwisho wa mvua.

Sasa Chairman alikuwa na shemeji. Kila Chairman ana shemeji, hiyo ni kama ng'ombe na kupe. Huyu shemeji alitoka mjini, amejaribu kazi zote zikamkataa, dada yake akasema apewe mahali bandani. Ndani alisema giza linamuumiza kichwa. Anataka mlangoni. Chairman akaanza kuzungumza kwa upole, na mtu huyo akizungumza kwa upole, ficha kuku. Akasema Mzee Kaberia amefanya kazi ya kutosha, mikono imechoka, apumzike nyumbani, atatumiwa salamu.

Mzee hakubishana. Alisema tu, "Nyumbani nitapumzika na nani?"

Mimi hapo kwa ujuaji wangu nikaruka. Nikasema Chairman, tucheze karata. Nikishindwa, shemeji akae. Nikishinda, Mzee akae hapo mpaka yeye mwenyewe achoke. Nilikuwa nimeangalia mchezo wa mwisho, najua mpangilio wote kama njia ya choo. Chairman akacheka, akasema sawa, mchezo ni mmoja, hakuna kurudia, na kwa vile yeye ni mtu wa kazi nyingi atatafuta mtu wa kumchezea. Nikaona amejiua mwenyewe.

Siku ya soko iliyofuata akaja na Njiru. Huyu Njiru ni mtu wa Mbeere, huko chini Embu kwenye jua linachemsha chai bila moto. Alikuwa analeta ndengu Mikinduri kuuza. Mtu mwembamba, shavu moja imejaa muguka, ile miraa ya kwao ya kutafunwa majani. Watu wakaanza kumchokoza, juu kwetu muguka si kitu, ni majani.

"Karibu mtu ya majani," nikamwambia. "Kwenu mbuzi zinakula nini, kama nyinyi mmemaliza?"

"Zinakula wageni kutoka Meru," akasema, akaketi. "Na nyinyi endeleeni kutafuna kuni. Siku moja mtatafuna mlango wa kanisa."

Watu wakacheka, hata Mzee. Nikajua huyu si wa kunyolewa haraka.

Halafu akachukua karata. Ndugu zangu, huyo mtu hakugonga pembe. Alizichukua akazitupa chini zote, akazisukuma huku na huku, akazikusanya akazirusha juu kidogo zikianguka mkononi, shhh, shhh, kama mama anapepeta ndengu kwa ungo, upepo uchukue makapi. Wafungaji wakaangalia kando kwa aibu. Mtu mmoja alishika kichwa. Mimi ule mpangilio wangu wa tangu jana ulienda na makapi. Nilibaki na elimu ya Mzee peke yake, na moyo unapiga kama honi ya pikapu.

Tukacheza. Sijawahi hesabu hivyo maishani. Nilihesabu mpaka kamasi ikakauka. Akinitesa kwa tatu namrudishia mbili. Nilijua esi zote zimeenda wapi, na moja nilikuwa nayo mimi, nimeificha nyuma ya kidole kama mtu ameficha nyama kwa watoto. Rundo liliisha tukalipanga tena, yaani yeye akapepeta tena, na karibu kila karata ilikuwa imepita mbele ya macho yangu. Na nikaona kitu: Njiru ana karata moja pembeni, tangu mwanzo, haigusi. Ya kumaliza.

Nikaanza kutafuta mbuzi shamba kwa shamba. Nyonge zote nimeziona isipokuwa mbili. Nne ya daimondi na saba ya jembe. Moja iko kwa Njiru, ingine lazima imelala kwa rundo. Sasa ni gani? Nikakumbuka: mapema niliweka daimondi, na Njiru akaangalia mkono wake, akavuta mdomo, akaokota. Mtu ameokota hana daimondi. Basi ni saba ya jembe, kwisha. Niliona mpaka rangi yake kwa mgongo.

"Niko kadi," akasema Njiru, muguka imehamia shavu ingine.

Mimi nilikuwa na esi na tisa ya daimondi. Mnaona vile Mungu alikuwa amepanga? Naweka esi, naagiza daimondi, yeye hana, anaokota, mimi namaliza na tisa. Nikamwangalia Mzee, nikamkonyezea jicho. Yeye hakukonyeza. Nikagonga esi kwa benchi mpaka vumbi ikatoka.

"Daimondi. Na niko kadi."

Njiru akaiweka pole pole, kama mtu anaweka mtoto kitandani. Nne ya daimondi.

Nikamuuliza sasa mbona uliokota. Akasema kwao ukiwa na maji kidogo hauonyeshi ng'ombe ya jirani mtungi. Alikuwa nayo wakati wote. Alikubali kuteseka kwa kuokota ndio nimuandikie kwa paji la uso kitu chenye haiko. Hiyo ni somo yenu ya bure: mwenye kuhesabu anashindwa na mwenye anajua anahesabiwa.

Sitawadanganya, hapo sikuwa na utani. Nilitaka ardhi ipasuke, na ardhi ya Mikinduri ni ngumu, haipasukii mtu. Shemeji alikuwa ameshaleta mto wa kukalia. Mto! Mzee Kaberia alisimama, akakung'uta majani kwa mapaja, akachukua kofia yake. Hakunilaumu. Alisema benchi ni yake, aliichonga yeye, basi wamsaidie ifike nyumbani. Chairman kwa furaha yake akasema yeye mwenyewe atashika upande mmoja. Akainama, akainua.

Chini ya mguu wa benchi, kwa udongo, kulikuwa na kitu imekunjwa, imeshindiliwa mpaka ikawa ngumu kama kwato. Njiru akaiokota, ni mtu wa kuokota huyo. Akaikunjua. Akaangalia, akanipa mimi.

Saba ya jembe.

Watu wakasukumana kuiangalia, hata mbuzi ya mama wa chai ikanyoosha shingo. Yaani baada ya hizo karata kununuliwa, hatujui tangu mvua gani, tulikuwa tunacheza na hamsini na moja. Wahesabuji wote wa Mikinduri, watu wa kutaja karata kupitia ukuta, na hakuna hata mmoja aliwahi zihesabu. Zilikuwa zimelingana tu, tak tak tak, tukaona ziko zote. Na mimi nimemuwekea Njiru mkononi karata yenye ilikuwa imekaliwa na mwalimu wangu.

"Benchi ilikuwa inayumba," Mzee akasema. "Nilitafuta kitu nyembamba."

"Mzee, ulijua?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuambia uhesabu zenye uko nazo. Ulikuwa na haraka."

Chairman, bado ameshika benchi, akaanza kusema kwamba kushindwa ni kushindwa, na kama kuna shida turudie na karata zingine. Watu wakaanza kunung'unika. Ni Njiru alimkatiza, na alikuwa mtu wake mwenyewe. Akasema yeye alisikia bei ya kumchezea Chairman na pia alisikia sheria ya mbuzi, soko mzima inaijua.

"Karata ikipungua mchezo umekufa," akasema. "Na wewe ndiye ulizika huo mchezo, Chairman. Kwetu ukipepeta na ungo ya kutoboka, ukikosa ndengu hauulizi upepo."

Chairman akaangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Shemeji alikuwa ameanza kukunja mto. Hakuna kurudia, hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, na tuliyasikia wote, kwa hivyo benchi inabaki mahali iko na mwenyewe.

Mzee Kaberia akavaa kofia. Akamwambia Chairman, kwa heshima kabisa, kwamba kwa vile ameshainua, aendelee kuinua tu kidogo. Halafu akanionyesha kwa kidevu. Nilipiga magoti, nikaikunja ile saba vile ilikuwa, nikairudisha chini ya mguu. Chairman akateremsha benchi. Mzee akaketi, akajaribu kuyumba huku, akajaribu kule. Haikuyumba. Mama mmoja alikuwa anapita na ndizi kichwani, akasema, "Mzee, habari ya asubuhi." Ilikuwa mchana, lakini Mzee alijibu kama imefika kwa wakati.

Alikaa hapo mpaka siku alisema mwenyewe amechoka, na hiyo siku tulimsindikiza banda mzima, Chairman akiwa mbele, juu Chairman hupenda mbele. Njiru alirudi mara mingi na ndengu. Hatujawahi mshinda. Benchi nilibaki nayo mimi.

Sasa mimi pia nimetoka, na nasikia nyinyi mnacheza kwa simu, mnasema mnaihesabu. Endeleeni. Lakini mjue simu inaona karata zako na zake, tena ndiyo inachanganya, tena ndiyo shemeji ya Chairman. Huko hakuna benchi ya kuinua uangalie chini.

Kwa banda nimewaachia pakiti mpya. Kabla mcheze, mzimwage chini mzihesabu, moja moja, hata kama mkono unakataa. Mkipata ziko zote, toeni saba ya jembe mkaiweke chini ya mguu wa benchi ya mlangoni, juu ile ya zamani imeliwa na mchwa, na wiki yangu ya mwisho nilikuwa nayumba.